Mkwiro Mguuni au Kichwani: Fuko Yupi Umpime Mifupa?

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili alinijia akiwa na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, mfukoni na jibu kichwani. Alikuwa amesoma kwamba baadhi ya fuko hupashana habari kwa kugonga sakafu ya shimo kwa miguu ya nyuma, naye akakata shauri: atapima miundi yao, ataikuta minene, na tasnifu itakuwa imekwisha. Nilimwuliza jambo moja tu. Fuko huyo asipokuwa anagonga, mguu ule anaufanyia kazi gani nyingine? Alifikiri, akacheka, akairudisha kalipa mfukoni.

Swali hilo ndilo linaloamua mambo yote hapa. Fuko hagongi kutwa. Anachimba, anasukuma udongo, anajikaza ukutani, anapigana, na kazi zote hizo zinabebwa na mifupa ileile. Ukikosea kuchagua mnyama, utapima uchimbaji kisha uuite mawasiliano. Kwa hiyo nawaweka hapa ubavu kwa ubavu wanyama ambao mtu anaweza kuwachagua, kwa jicho la anayetaka kujua mfupa upi umebadilika kwa ajili ya mitetemo. Yupi anapendeza kumsimulia, hilo ni shauri jingine.

Hodi ya chini kwa chini

Fuko wengi wanaogonga ni wapweke. Kila mmoja amejifungia katika mtandao wake wa njia, na njia za jirani hazikutani na zake. Macho hayamsaidii, harufu haivuki ukuta wa udongo kwa wepesi, na mlio wa kinywa hufifia kabla haujafika popote. Lakini msimu wa kupandana ukifika, dume hana budi kumwendea jike ambaye kwa miezi yote mingine angemrarua mgeni yeyote. Kuingia bila kupiga hodi ni kutafuta kung'atwa. Ardhi basi inakuwa ngoma, na mwili unakuwa mkwiro.

Ngoma yenyewe ni nzuri. Mwaka 1992 Peter Narins na wenzake, akiwamo Jennifer Jarvis, walichapisha vipimo walivyochukua kwa fuko wa Rasi huko Afrika Kusini, ambaye kitaalamu ni Georychus capensis. Walikuta kwamba kati ya shimo na shimo mtetemo wa ardhini husafiri vizuri kuliko sauti ya hewani kwa angalau mara kumi. Ukijua hilo, hushangai tena kwamba mnyama anajisumbua kugonga. Unabaki kushangaa anawezaje, maana chombo anachogongea amepewa kwa kazi nyingine.

Watatu wa kusini

Mguu wa nyuma wa fuko wa familia ya Bathyergidae, ambayo ndiyo ya fuko hawa wa kusini, ni sepetu kabla haujawa mkwiro. Udongo ukishalegezwa mbele, mnyama huukusanya chini ya tumbo, kisha huusukuma nyuma kwa nyayo zake hadi utoke nje. Anayegonga hufanya hivyo, na asiyegonga pia. Kwa hiyo mguu wa nyuma wenye nguvu hauthibitishi lolote ukiwa peke yake.

Wa kwanza ni huyo fuko wa Rasi. Ana gramu 200 hivi, uso wenye mabaka meusi na meupe, na hasira ya kutosha. Huchimba kwa meno ya mbele: huyatumia kama tindo, midomo ikiwa imefunga nyuma yake ili udongo usimwingie kinywani. Hugonga kwa miguu ya nyuma.

Wa pili ni fuko wa matuta ya mchanga, Bathyergus suillus, jitu la ukoo huo. Dume huvuka kilo moja. Naye ni mpweke na hugonga kwa miguu ya nyuma, ila uchimbaji wake ni mwingine kabisa: huchimba kwa makucha marefu ya mikono, katika mchanga laini wa pwani ya Rasi. Ukiuona mkono wake hutaulizwa unafanya kazi gani.

Wa tatu ni fuko wa Natal, Cryptomys hottentotus natalensis, wa gramu mia moja au karibu na hapo. Anachimba kwa meno kama yule wa kwanza, lakini anaishi kwa kundi na hagongi.

Wanaanatomia wa Afrika Kusini wamewachukua watatu hawahawa na kulinganisha misuli na mifupa ya miguu yao ya nyuma. Kwa maoni yangu uchaguzi huo ndio bora uliopo, na inafaa kuona kwa nini. Ukichukua wawili wanaogonga tu, Georychus na Bathyergus, unakuta mchimba kwa meno na mchimba kwa makucha, na tofauti zao nyingi zitatokana na hilo. Ukichukua Georychus na fuko wa Natal, uchimbaji unafanana na ugongaji unatofautiana. Hapo ndipo wengi hudhani wamefika. Hawajafika. Fuko wa Natal anaishi na wenzake, na kazi ya kuchimba wanagawana. Georychus huchimba njia zake zote peke yake, kila siku ya maisha yake. Ukikuta muundi wa Georychus ni imara zaidi, umeona mgongaji au umeona kibarua asiye na msaidizi?

Ukiwa na wote watatu, kuna njia ya kutokea. Tafuta umbo ambalo Georychus na Bathyergus wanalo kwa pamoja, ingawa mmoja anachimba kwa meno na mwingine kwa makucha, na ambalo fuko wa Natal hana. Umbo hilo ndilo lenye haki ya kushukiwa kuwa la ugongaji. Nasema kushukiwa tu, kwa sababu bado wagongaji wote wawili ni wapweke na asiyegonga ni wa kundi, na kwa sababu spishi isiyogonga hapo ni moja. Upime fuko wa Natal mia moja, bado una spishi moja. Katika ulinganisho wa aina hii sampuli ni spishi, na hilo huwaudhi sana wanafunzi waliokwisha kuchemsha miguu sitini.

Ukubwa hudanganya

Bathyergus mkubwa ana uzito mara kumi na zaidi ya fuko wa Natal. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1638: mnyama akirefuka mara mbili bila kubadili umbo, uzito wake unakuwa mara nane, lakini eneo la mkato wa mfupa unaobeba uzito huo linakuwa mara nne tu. Mnyama mkubwa anaweza kuhitaji mfupa mnene kwa kulinganisha na urefu wake, hata kama hajawahi kugonga maishani. Ule uwiano ambao kila mtu huanza nao, unene wa katikati ya mfupa kugawanywa kwa urefu, utampendelea Bathyergus kabla hujauliza swali lolote. Usimwache aamue matokeo yako. Georychus na fuko wa Natal wamekaribiana zaidi kwa ukubwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwafanya hao wawili moyo wa kazi, na jitu awe shahidi wa pembeni.

Mfupa upi, na upime nini

Sasa mguu wenyewe. Kugonga kwa kasi na kusukuma kwa nguvu ni mahitaji mawili yanayovutana, na mvutano huo ndio unaokupa mahali pa kuchungulia.

Chukua mfano. Mguu una urefu wa milimita 40 kutoka kwenye kiungo hadi kwenye wayo, na msuli unaouvuta umeshika mfupa milimita 4 kutoka kwenye kiungo hichohicho. Msuli ukijikunja milimita moja, wayo unasogea kama milimita 10. Sogeza mshiko wa msuli hadi milimita 2 kutoka kwenye kiungo: mkunjo uleule sasa unausogeza wayo milimita 20, lakini nguvu inayofika wayoni imepungua nusu. Mchimbaji anataka mshiko wa mbali na kiungo. Mgongaji anataka wa karibu. Kwa hiyo alama ya mshiko wa msuli kwenye mfupa, yaani tuta, ukingo au kinundu, na umbali wake kutoka kwenye kiungo, inasema mengi kuliko unene. Ukikuta mshiko wa karibu kwa wagongaji na wa mbali kwa asiyegonga, umepata kitu ambacho uchimbaji hauwezi kukieleza kwa wepesi, kwa sababu uchimbaji ungesukuma upande wa pili.

Jambo la pili ni uzito wa ncha. Mguu unaopigapiga haraka unatakiwa uwe mwepesi chini, nyama ikae juu karibu na nyonga, kama mchi ulivyo rahisi kuuzungusha ukiushika kwenye kichwa chake kizito. Mifupa ya wayo mara nyingi hupuuzwa kwa sababu ni midogo na inapotea kwenye sufuria. Ipime. Muundi una sifa zote, fupaja lina sifa zake, wayo hauna mtetezi.

La tatu ni pigo lenyewe. Wayo unapogonga, sakafu nayo inaujibu, na jibu hilo linapanda kupitia muundi, linapita goti, linafika fupaja na nyonga. Hapo unene una maana, lakini unene wa ukuta wa mfupa, si kipenyo cha nje. Bomba lenye ukuta mwembamba na bomba lenye ukuta mnene yanaweza kuonekana sawa kwenye kalipa. Kama unaweza kupata skana ya CT ya vitu vidogo, ile inayopiga picha za ndani kwa eksirei, itumie kwa hili. Kama huwezi, kata mfupa katikati, upige picha mkato, upime hapo; ni kazi ya kizamani lakini haidanganyi.

Kati ya muundi na fupaja, mimi ningeanza na muundi. Fupaja lina mabwana wengi mno: misuli ya nyonga, ya kusukuma, ya kusimama. Na lina tatizo jingine ambalo nitalifikia.

Wanaogonga kwa kichwa

Msomaji wa Nairobi, Arusha au Kigali atakuwa anauliza fuko wake yuko wapi. Yule anayekula viazi na mihogo shambani, anayeacha marundo ya udongo kwenye majani, ambaye Wakikuyu humwita huko, ni Tachyoryctes. Anaishi nyanda za juu kuanzia Ethiopia, Kenya na Uganda hadi Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo na kaskazini mwa Tanzania. Wataalamu hawajakubaliana ni spishi moja au ni nyingi, nami siingii kwenye ugomvi huo. Ila ujue kwamba si ndugu wa karibu wa wale wa kusini. Yeye ni wa familia ya Spalacidae, pamoja na fuko kipofu wa Mashariki ya Kati.

Naye ana mkwiro, lakini uko kichwani. Mwaka 2013 watafiti kutoka Ucheki walichapisha kazi yao juu ya Tachyoryctes daemon wa Tanzania, anayetoa mitetemo kwa kugonga dari ya njia yake kwa kichwa. Fuko kipofu hufanya vivyo hivyo, na hilo lilishaandikwa mwaka 1987 na makundi mawili ya watafiti nchini Israeli. Huyo kipofu ana mbinu nyingine ya ajabu: hubandika taya la chini kwenye ukuta wa njia ili mtetemo upite mfupani hadi sikioni. Mwaka 2005 ilionyeshwa pia kwamba hutumia mwangwi wa mapigo yake mwenyewe kutambua kizuizi kilicho mbele, kisha akachimba njia ya kukizunguka.

Kwa mtu aliyekuja kutafuta mfupa wa mguu, habari hii inaonekana mbaya. Mimi naiona kuwa ni zawadi. Ukimpima Tachyoryctes muundi, unapima mguu wa fuko mpweke, mchimba kwa meno, anayewasiliana kwa mitetemo, lakini asiyegonga kwa mguu. Yaani ile kazi ya upweke iliyotuchanganya kule kusini, huyu anayo. Kama muundi wa Georychus una umbo lililotokana na upweke na kazi nyingi tu, ungetarajia kitu kinachofanana kwa Tachyoryctes. Kama hakipo, dai la ugongaji linapata nguvu. Familia ni mbali, hilo ni kweli, na udongo huyu huutoa kwa kuusukuma kwa upande wa kichwa badala ya kuupiga teke nyuma, kwa hiyo miguu yake haifanyi usepetu uleule. Bado ni shahidi ambaye watatu wa kusini hawawezi kumtoa.

Ukitaka kubaki Afrika Mashariki na familia ileile ya Bathyergidae, kuna fuko wa kijivu-fedha, Heliophobius argenteocinereus, wa Kenya, Tanzania na kusini zaidi. Ni mpweke na mchimba kwa meno. Wengi humruka kwa sababu hana umaarufu. Mimi ningemweka kwenye orodha mapema.

Ila usiyahamishe maswali ya mguu kwenda kichwani ukidhani umetoroka tatizo. Kichwa cha fuko kipofu ni tingatinga: anabebea udongo, anashindilia dari, na kisogo cha fuvu lake kimelalia mbele ili misuli ya shingo ipate pa kushika. Kugonga kwake kumepanda juu ya mwili uliokwisha kuundwa kwa kusukuma. Ni hadithi ileile ya sepetu na mkwiro.

Wenye majina makubwa

Fuko asiye na manyoya, Heterocephalus glaber, ndiye kila mtu anamtaja kwanza. Ni wa kwetu, Kenya, Ethiopia na Somalia. Jarvis alimtangazia ulimwengu mwaka 1981 kuwa anaishi kama nyuki, kwa malkia na wafanyakazi. Kwa kazi hii simpendekezi. Ana gramu 30 na kitu, anaongea kwa sauti nyingi za kinywa, na kundi lake la makumi kadhaa halina haja ya kubisha hodi kwa jirani. Anaweza kuwa mfano wa asiyegonga, lakini udogo wake na maisha yake ya pekee vitakuletea maelezo mengi kuliko majibu.

Gerbili wa Mongolia, panya mdogo wa nchi kame, anapatikana maabara, anagonga kwa miguu ya nyuma akishtuka na wakati wa kupandana, na hakusumbui. Tatizo lake ni kizimba. Mfupa hujijenga kwa kadiri unavyolemewa, na mnyama aliyekua kwenye sanduku la plastiki hana mfupa wa aliyekua jangwani. Panya-kangaruu wa Marekani ana sifa kubwa kwa kugonga: mtafiti Jan Randall alionyesha kwamba panya-kangaruu wa spishi ya Dipodomys spectabilis wana mapigo yenye saini ya kila mmoja, na panya hawa humgongea hata nyoka. Kwa tabia hakuna anayewazidi. Kwa mifupa, waache. Wanaruka kwa miguu miwili, miguu yao mirefu imeumbwa kwa kuruka, na kuutafuta ugongaji humo ni kutafuta chumvi baharini.

Kuna atakayesema sange naye anagonga kwa mguu. Ni kweli, na tunaye nyumbani, lakini si mgugunaji wala si mchimbaji.

Kabati la makumbusho, na malkia

Uchaguzi mwingi huishia kwenye kile kilichopo. Ukifungua kabati la wanyama wadogo katika makumbusho nyingi utakuta ngozi iliyojazwa pamba na fuvu kwenye kichupa pembeni. Mifupa ya mwili ilitupwa zamani, na ile ya nyayo imebaki ndani ya ngozi. Mtu mwenye fuvu mia mbili za Tachyoryctes na miundi minne asijilazimishe kuandika juu ya miundi. Akae na kichwa: apime kisogo, mteremko wake, na matuta ya shingo, na atakuwa na kazi nzuri juu ya mkwiro wa huku kwetu. Mwenye mkono unaofika kwenye mifupa ya Afrika Kusini ndiye aende na muundi wa Georychus na wa fuko wa Natal, Bathyergus akiwa pembeni, na Tachyoryctes na Heliophobius wa kuwasuta.

Na sasa lile tatizo la fupaja. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi juu ya fuko wa Damaraland, wa kusini mwa Afrika, ambao nao huishi kwa makundi yenye malkia. Jike akiwa malkia, mfupa wake huliwa kutoka ndani, na ukuta wa fupaja unakuwa mwembamba kuliko wa wenzake wasiozaa. Fikiria sasa umechanganya majike wanaozaa na wasiozaa wa fuko wa Natal, kisha ukawaweka mbele ya Georychus. Utaandika kwamba asiyegonga ana fupaja dhaifu, kumbe umepima uzazi.

Tachyoryctes unaweza kumpata bila kuchimba mwenyewe. Ukishapata vibali vya utafiti na vya wanyamapori, Kenya ukianzia kwenye tume ya sayansi, NACOSTI, na Tanzania kwenye tume ya sayansi, COSTECH, na taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, zungumza na wategaji: wale wanaoinamisha fimbo mbichi juu ya njia, wakafunga kitanzi cha waya na kuziba kwa udongo. Fuko wanaowanasa mara nyingi hutupwa. Waombe kichwa na miguu yote miwili ya nyuma, nyayo zikiwamo, na mwili wote kama wanakubali. Kabla sufuria haijaingia motoni, fungua tumbo, tazama kama jike amebeba mimba au ana makovu ya mimba zilizopita, uandike kwenye lebo kwa penseli. Wino hutoka kwenye maji ya moto.